Kuhamisha hifadhidata kutoka MySQL kwenda PostgreSQL kwa pgloader: mwongozo kamili

pgloader ni zana inayoweza kuhamisha hifadhidata nzima ya MySQL kwa amri moja. Inasoma muundo wa majedwali, inaunda majedwali yanayolingana upande wa PostgreSQL, inamimina data, inajenga faharasa (index) na funguo za kigeni (kanuni zinazofunga rekodi za jedwali moja na za jingine), kisha inachapisha muhtasari. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Amri inamalizika bila kosa, timu inashangilia, halafu wiki inayofuata mhasibu anakuta malipo yote ya baada ya saa tatu usiku yamehesabiwa kesho yake, na mteja aliyezoea kuandika barua pepe yake kwa herufi kubwa haingii tena kwenye akaunti. Rekodi zote zipo. Kilichobadilika ni namna hifadhidata inavyozielewa.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya amri na baada yake. Mifano inatumia hifadhidata iitwayo `duka` iliyo kwenye MySQL 8.0, yenye majedwali kama `wateja` na `malipo`. Kwa MariaDB mtiririko ni uleule, ingawa baadhi ya amri huandikwa tofauti.

## Kagua data kabla ya kusakinisha chochote

MySQL imevumilia mambo mengi ambayo PostgreSQL haiyakubali. Ni nafuu kuyagundua mapema, ukiwa na utulivu, kuliko kuyakuta katikati ya usiku wa kuhamia.

Anza na tarehe sifuri. Mifumo ya zamani imejaa `0000-00-00`, na PostgreSQL haina tarehe kama hiyo. MySQL 8 yenyewe inaweza kukataa kulinganisha na thamani hiyo, kwa hiyo legeza kwanza masharti ya kikao chako:

```
SET SESSION sql_mode = '';
SELECT COUNT(*) FROM malipo WHERE tarehe = '0000-00-00 00:00:00';
```

pgloader itazigeuza kuwa NULL, yaani pasipo na thamani. Hapa uamuzi ni wa mwenye mfumo: je, programu yako inajua la kufanya ikikuta NULL mahali ambapo siku zote ilikuta maandishi?

Jambo la pili ni hatari zaidi kwa sababu halitoi kosa lolote. pgloader huchukulia kila kolamu ya `tinyint(1)` kuwa ya ndiyo au hapana na kuifanya `boolean`. Sifuri inakuwa hapana. Kila namba nyingine inakuwa ndiyo. Sasa fikiria kolamu `hali` ambamo 0 ni "inasubiri", 1 ni "imelipwa", 2 ni "imerudishwa" na 3 ni "imefutwa". Baada ya kuhama, zote tatu za mwisho zinakuwa ndiyo, na hakuna logi itakayokuambia. Zitafute zote:

```
SELECT table_name, column_name
FROM information_schema.columns
WHERE table_schema = 'duka' AND column_type = 'tinyint(1)';
```

Kisha kwa kila moja uliza `SELECT hali, COUNT(*) FROM malipo GROUP BY hali`. Yoyote yenye zaidi ya 0, 1 na NULL iandike pembeni. Tutaipa kanuni yake.

Tatu ni rekodi yatima, yaani malipo yenye `mteja_id` ambayo haipo tena kwenye `wateja`. Hutokea pale jedwali lilipokuwa la MyISAM, injini ya zamani ya MySQL ambayo haitekelezi funguo za kigeni, au mtu alipozima `foreign_key_checks` ili faili lake lipite.

```
SELECT COUNT(*) FROM malipo m
LEFT JOIN wateja w ON w.id = m.mteja_id
WHERE w.id IS NULL AND m.mteja_id IS NOT NULL;
```

Ukiziacha, PostgreSQL itakataa kuunda ufunguo wa kigeni, na utabaki na jedwali lisilolindwa.

Nne ni herufi zilizoharibika. Kwa Kiswahili ukaguzi huu una njia fupi: tafuta maneno yenye king'ong'o, kama ng'ombe au ng'ambo. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word huja na alama ya mkato iliyopinda, na hifadhidata iliyochanganya usimbaji (namna herufi zinavyoandikwa kwa baiti) huionyesha kama `ngâ€™ombe`. Usiamini skrini; angalia baiti zenyewe kwa `SELECT jina, HEX(jina)`. Alama iliyopinda ikiwa salama katika kolamu ya utf8mb4 inaonekana kama `E28099`. Ukiona `C3A2E282ACE284A2`, maandishi yamesimbwa mara mbili, na dawa ni hii, ijaribiwe kwanza kwenye nakala na kwa rekodi zilizoharibika pekee:

```
UPDATE bidhaa
SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)
WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282AC%';
```

Ukiona `E28099` lakini kolamu imetangazwa kuwa latin1, tatizo ni tangazo na si data. Igeuze kolamu kuwa VARBINARY, kisha VARCHAR yenye utf8mb4. Kuigeuza moja kwa moja, bila kupitia VARBINARY, ndiko kunakozalisha usimbaji wa mara mbili.

Mwisho wa ukaguzi, orodhesha vitu ambavyo pgloader haitavihamisha: taratibu zilizohifadhiwa (stored procedures), triga ulizoandika mwenyewe, matukio ya ratiba (events), na mionekano (views). Hivyo vinaandikwa upya kwa mkono. Kama hifadhidata yako ina taratibu nyingi za aina hiyo, muda wa mradi utaliwa huko, si kwenye data.

## Kuandaa pande mbili

Kwenye Ubuntu na Debian pgloader inapatikana kwa `apt install pgloader`, na kwenye Mac kwa `brew install pgloader`. Iendeshe kwenye mashine iliyo mtandao mmoja na seva zote mbili. Ukiiendesha kwenye kompyuta yako ya mkononi, kila rekodi itashuka hadi kwako na kupanda tena, na intaneti ikiyumba kazi yote inakatika. Fungua `tmux`, programu inayotunza kikao kwenye seva, kabla ya kuanza, ili kikao cha SSH kikianguka kazi iendelee.

Upande wa MySQL tengeneza mtumiaji wa kusoma tu:

```
CREATE USER 'mhamishaji'@'10.0.0.%'
  IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY 'nenosiri-refu';
GRANT SELECT ON duka.* TO 'mhamishaji'@'10.0.0.%';
```

Kutaja `mysql_native_password` si hiari. MySQL 8 kwa chaguomsingi inatumia `caching_sha2_password`, na pgloader hujibu kwa kosa la `MYSQL-UNSUPPORTED-AUTHENTICATION`. Katika MySQL 8.4 njia ya zamani imezimwa hadi uiwashe kwa `mysql_native_password=ON` kwenye faili la mipangilio, na katika toleo la 9.0 imeondolewa kabisa. Ukiwa huko, pandisha nakala ya `mysqldump` kwenye seva ya muda ya MySQL 8.0, kisha hamisha kutoka kwenye hiyo.

Upande wa PostgreSQL:

```
CREATE DATABASE duka OWNER duka_app ENCODING 'UTF8' TEMPLATE template0;
```

Unganisha pgloader kama `duka_app` yuleyule, kwa sababu majedwali yatamilikiwa na mtumiaji aliyeyaunda. Ukitumia msimamizi `postgres`, kesho yake programu itaambiwa haina ruhusa. Matoleo ya zamani ya pgloader hayaelewi SCRAM, njia mpya ya PostgreSQL ya kuhakiki nenosiri, na hutoa ujumbe wa kutatanisha unaoanza na `10 fell through ECASE expression`. Pandisha toleo la pgloader. Likishindikana, weka `password_encryption` kuwa `md5`, mpe mtumiaji nenosiri upya, kisha urudishe SCRAM ukimaliza.

Hakikisha diski ya PostgreSQL ina nafasi angalau mara mbili ya ukubwa wa data, kwa sababu logi za WAL, ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza, hukua haraka wakati wa kumimina. Kuongeza `max_wal_size` kwa muda, kwa mfano hadi 8GB, kunapunguza msongamano wa kuandika.

## Faili la maelekezo

Amri ya mstari mmoja inatosha kwa jaribio la kwanza. Kwa kazi halisi andika faili, uliweke kwenye Git, na ulirekebishe baada ya kila jaribio. Liite `duka.load`:

```
LOAD DATABASE
     FROM mysql://mhamishaji@10.0.0.5/duka
     INTO postgresql://duka_app@10.0.0.6/duka

 WITH include drop, create tables, create indexes,
      reset sequences, foreign keys, on error stop,
      workers = 4, concurrency = 1,
      prefetch rows = 10000,
      max parallel create index = 2

  SET PostgreSQL PARAMETERS
      maintenance_work_mem to '512MB',
      work_mem to '64MB',
      timezone to 'Africa/Nairobi'

  SET MySQL PARAMETERS
      net_read_timeout  = '600',
      net_write_timeout = '600'

 CAST column malipo.hali to smallint drop typemod,
      type datetime to timestamp drop default drop not null
           using zero-dates-to-null,
      type date drop not null drop default
           using zero-dates-to-null

 EXCLUDING TABLE NAMES MATCHING 'sessions', 'cache', ~/^tmp_/

 ALTER SCHEMA 'duka' RENAME TO 'public'
;
```

Mstari wa `CAST column malipo.hali` ndio kanuni tuliyoahidi: unaifanya kolamu hiyo ibaki namba badala ya `boolean`. Nenosiri halimo kwa makusudi. pgloader inasoma `MYSQL_PWD` na `PGPASSWORD` kutoka kwenye mazingira. Ukilazimika kuliweka ndani ya anwani, alama ya `@` iliyo kwenye nenosiri iandikwe mara mbili, `@@`, la sivyo pgloader itadhani jina la seva limeanza.

`include drop` inafuta majedwali yenye majina hayohayo upande wa PostgreSQL kabla ya kuyaunda, pamoja na vinavyoyategemea. Ndiyo inayokuwezesha kurudia jaribio mara nyingi upendavyo. Ndiyo pia itakayofuta kazi ya siku nzima ukiendesha faili hili kimakosa baada ya mfumo kuhamia. Ukishahamia, liondoe faili kwenye seva.

Mistari miwili ya saa, wa `timezone` na wa `type datetime`, ndiyo inayozuia tatizo la mhasibu niliyemtaja mwanzoni. DATETIME ya MySQL haina ukanda wa saa. Ni maandishi tu ya saa ya ukutani. Kwa chaguomsingi pgloader huigeuza kuwa `timestamptz`, na PostgreSQL huisoma kwa ukanda wa kikao. Seva ikiwa kwenye UTC, saa 22:00 ya Dar es Salaam inasomwa kuwa 22:00 UTC, na programu ikiionyesha kwa saa za Afrika Mashariki inakuwa 01:00 ya siku inayofuata. Kuigeuza kuwa `timestamp` bila ukanda kunaiacha ilivyo. Kolamu za aina ya TIMESTAMP, ambazo MySQL huzitunza kwa UTC na kuzionyesha kwa ukanda wa kikao, zitaenda `timestamptz`. Kwa hizo ndipo mstari wa `timezone` unapohitajika, na lazima ulingane na `SELECT @@time_zone, @@system_time_zone` ya MySQL. Kama MySQL yako iko kwenye UTC, andika `UTC`.

Bila mstari wa `ALTER SCHEMA`, majedwali yataingia kwenye skima (fungu la majedwali ndani ya hifadhidata) yenye jina la hifadhidata ya zamani, na programu inayotafuta `public` inaweza isiyaone.

Majedwali uliyoyaacha nje hayataundwa. Kama programu inayahitaji, yaunde kwa njia ya kawaida ya programu yako baada ya kumaliza.

Jambo moja zaidi kuhusu majina: pgloader huyageuza yote kuwa herufi ndogo. Kolamu `mtejaId` inakuwa `mtejaid`. Ukiongeza `quote identifiers` majina yatabaki yalivyo, lakini kuanzia hapo kila amri ya SQL italazimika kuyaweka ndani ya alama za nukuu. Kwa mfumo unaoandika SQL kwa mkono, herufi ndogo ni bora. Kwa maktaba inayozalisha SQL yenye nukuu yenyewe, bakiza majina.

## Kuendesha, na makosa utakayokutana nayo

```
pgloader --dry-run duka.load
pgloader --verbose --logfile duka.log duka.load
```

Amri ya kwanza inapima miunganisho bila kugusa data. Ya pili inafanya kazi. Katika majaribio ya mwanzo unaweza kubadili `on error stop` kuwa `on error resume next`, ili uone matatizo yote kwa mkupuo badala ya moja moja. Rekodi zilizokataliwa huwekwa chini ya `/tmp/pgloader`, faili la `.dat` likiwa na rekodi na la `.log` likiwa na sababu. Kwa uhamisho wa mwisho rudisha `on error stop`. Usiku ule hutaki rekodi hata moja iachwe kimyakimya.

Kosa linalosumbua zaidi ni `Heap exhausted`. pgloader imeandikwa kwa Common Lisp na ina kikomo chake cha kumbukumbu, kisichotegemea RAM ya mashine. Hutokea kwenye majedwali yenye rekodi nzito, kama picha au PDF zilizohifadhiwa ndani ya BLOB (kolamu ya data ghafi), kwa sababu rekodi 10000 za kilobaiti moja ni kitu kingine kabisa na rekodi 10000 za megabaiti mbili. Punguza `prefetch rows`, yaani rekodi zinazosomwa kwa mkupuo, hadi 1000, au hata 100, na `workers` hadi 2. Ikibaki vilevile, hamisha jedwali hilo peke yake kwa faili la pili lenye `INCLUDING ONLY TABLE NAMES MATCHING`, na liondoe kwenye la kwanza.

Muunganisho wa MySQL ukikatika katikati ya jedwali kubwa, kwa kawaida ni muda wa kusubiri umeisha wakati PostgreSQL bado inaandika. Ndiyo sababu ya sekunde 600 hapo juu. Na kuhusu `maintenance_work_mem`, kumbuka kwamba faharasa hujengwa sambamba na kila ujenzi unachukua kiasi chake. Ujenzi mbili kwa 512MB ni takriban 1GB.

## Kuthibitisha

Muhtasari wa pgloader unahesabu ilichosoma na ilichoandika yenyewe. Huo si uthibitisho. Wala usitumie `table_rows` ya `information_schema`, kwa sababu kwa InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, ni makadirio tu.

Uliza pande zote mbili swali lilelile na ulinganishe majibu kwa mashine:

```
Q="SELECT DATE(tarehe), COUNT(*), SUM(kiasi)
   FROM malipo WHERE tarehe IS NOT NULL
   GROUP BY 1 ORDER BY 1"

mysql -h 10.0.0.5 -u mhamishaji -N -B duka -e "$Q" > a.txt
psql -h 10.0.0.6 -U duka_app -At -F $'\t' -P null=NULL -c "$Q" duka > b.txt
diff a.txt b.txt
```

Swali hili moja linapima idadi, fedha na saa kwa pamoja. Saa zikisogea, jumla za siku zitapishana hata kama jumla kuu ni sawa. Tarehe sifuri zitajitokeza upande wa MySQL pekee, na idadi yake ilingane na ile uliyoipata kwenye ukaguzi. Panga majibu kwa namba au tarehe. Ukipanga kwa majina, mifumo miwili ina kanuni tofauti za alfabeti na `diff` itakupa kelele. Kama `kiasi` ni FLOAT, senti zinaweza kutofautiana kwenye jumla. Hapo ibadilishe iwe DECIMAL huku MySQL kabla ya kuhama. Fedha haikupaswa kukaa kwenye FLOAT.

Kisha andika script inayofanya `COUNT(*)` kwa kila jedwali, na nyingine inayolinganisha kila kolamu ya hali kwa `GROUP BY`. Kagua pia kwamba mfuatano wa namba za `id` umesogezwa: ingiza rekodi moja ya majaribio kwenye kila jedwali kuu. Ukipata `duplicate key value violates unique constraint`, usogeze:

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('malipo','id'),
              (SELECT MAX(id) FROM malipo));
```

Malizia kwa `ANALYZE;`. Bila takwimu mpya, maswali yaliyokuwa ya haraka yanaweza kuchagua njia mbovu.

## Programu nayo ihame

Pale ambapo MySQL iliona `Asha@mfano.com` na `asha@mfano.com` kuwa kitu kimoja, PostgreSQL inaona viwili. Geuza kolamu ya barua pepe iwe `citext`, aina ya maandishi isiyojali herufi kubwa na ndogo, au weka faharasa ya kipekee juu ya `lower(barua_pepe)` na uulize kwa `lower()` kila mahali. Usipofanya hivyo, ndani ya wiki chache utakuwa na wateja wenye akaunti mbili.

Kwenye SQL, tafuta alama za backtick, `IFNULL` (tumia `COALESCE`), `GROUP_CONCAT` (tumia `string_agg`), `LIMIT 10, 20` (andika `LIMIT 20 OFFSET 10`), na `ON DUPLICATE KEY UPDATE` (tumia `ON CONFLICT ... DO UPDATE`). Kila `WHERE hai = 1` juu ya kolamu iliyogeuka boolean itakataliwa; iwe `WHERE hai`. Utafutaji wa `MATCH ... AGAINST` unaandikwa upya kabisa, na kwa maandishi ya Kiswahili tumia usanidi wa `simple`, kwa sababu PostgreSQL haiji na kamusi ya Kiswahili na ile ya Kiingereza hukata viishio vya maneno yetu isivyo.

## Kama huwezi kusimamisha mfumo

pgloader haifuati mabadiliko yanayoingia ikiwa kazini. Mfumo ukiandika huku inasoma, unaweza kupata malipo ambayo mteja wake hakuhamishwa. Hifadhidata nyingi za biashara za kawaida huhama ndani ya dirisha la usiku mmoja, na ushauri wetu ni kukubali kusimama huko. Usipoweza, tumia zana inayosoma logi ya binari (ambamo MySQL hurekodi kila badiliko), kama AWS DMS au Debezium. Zote zinahitaji `binlog_format=ROW` na `binlog_row_image=FULL`. Kwa DMS angalia mambo mawili: haihamishi faharasa za ziada wala funguo za kigeni, hivyo muundo uandae wewe, na hali yake ya LOB (thamani kubwa, kama maandishi marefu au picha) yenye kikomo ina chaguomsingi la 32 KB, kilichozidi hapo hukatwa. Pima kwanza urefu wa kolamu zako ndefu kwa `MAX(LENGTH(...))`.

## Usiku wa kuhamia

Usianze kabla ya kuwa na jaribio zima lililopita bila kosa, kwa nakala kamili ya data, likiwa limepimwa muda. Zidisha muda huo mara mbili ndipo utangaze kusimama kwa huduma.

Weka programu kwenye hali ya matengenezo, zima kazi za cron, acha foleni ziishe. Chukua `mysqldump --single-transaction --routines --triggers --events`, kisha ifunge MySQL isiandikwe kwa `SET GLOBAL super_read_only = ON`. Endesha pgloader, endesha uthibitisho wote, elekeza programu kwenye PostgreSQL, na ufanye miamala michache halisi kabla ya kuwafungulia wateja.

Amueni mapema saa ya mwisho ya kurudi nyuma. Hadi hapo wateja hawajaingia, kurudi ni kubadili mstari mmoja wa mipangilio. Malipo ya kwanza yakishaandikwa PostgreSQL, kurudi MySQL ni uhamisho mwingine kamili, na hauna zana iliyojaribiwa.

Iache MySQL ikiwa imefungwa kuandikwa hadi ripoti za kufunga mwezi zitoke na kulingana. Nakala za majaribio zifutwe mara moja, kwa kuwa zina taarifa za watu halisi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Futa pia mtumiaji `mhamishaji` na folda ya `/tmp/pgloader`, ambayo inaweza kuwa na rekodi zilizokataliwa, zenye majina na namba za simu za wateja, zikisomeka na yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo.